Jibu: Vishughulikiaji viwili, kichanganuzi kimoja cha SAX

Habari ndugu. Nimeelewa kwamba unasoma faili la XML, na kwamba uliita setContentHandler (amri ya kukipa kichanganuzi kishughulikiaji, yaani msimbo unaopokea yanayosomwa) mara mbili, kwanza kwa kishughulikiaji cha bei kisha kwa kile cha wateja, na sasa cha bei hakipokei chochote. Faili lako halina kosa: kichanganuzi cha SAX katika Java, yaani kile kinachosoma XML hatua kwa hatua na kutoa taarifa ya kila tukio, hushika kishughulikiaji kimoja tu, na ukikipa kingine, cha kwanza huondolewa kimyakimya.

Mimi niliandika darasa dogo la katikati, linalorithi DefaultHandler (darasa la msingi la vishughulikiaji) na kubeba orodha ya vishughulikiaji, ambalo kila likipokea startElement (elementi inaanza), characters (maandishi yake) au endElement (elementi inaisha) huipitia orodha hiyo na kukikabidhi kila kimoja tukio lilelile. Usisahau endDocument (mwisho wa faili), maana wengi hufungia kazi zao hapo.

Kagua kwanza characters, kwa sababu maandishi ya elementi moja yanaweza kufika vipandevipande. Kwangu 15000 ilifika kama 15, kisha 000, nami nikauza bati kwa shilingi 15! Yakusanye hadi endElement. Kishughulikiaji kinachotaka kuhifadhi Attributes (sifa za elementi) kizinakili kwa darasa la AttributesImpl, kwa kuwa baada ya startElement haziaminiki tena. Kimoja kikitupa kosa, vinavyofuata havifikiwi, hivyo tanguliza kile cha bei.