Ushabiki Hauna Mtihani, Dada

Kama wewe ni mwanamke na unapenda gemu, anime (katuni za Kijapani), vitabu vya mashujaa au hadithi za kubuni za kisayansi, kuna swali litakalokufuata karibu kila kundi utakaloingia mtandaoni. Linaanza kwa upole: ulianza kufuatilia lini? Ukilijibu linazaa jingine. Toleo la kwanza lilitoka mwaka gani? Muziki wake alitunga nani? Bosi wa mwisho, yule adui mkuu wa gemu, unampigaje bila kutumia silaha fulani? Mwanamume aliyejiunga siku hiyohiyo anapokelewa kwa memu na utani, haulizwi kitu. Wewe unatahiniwa.

Nimekaa kwenye makundi haya tangu nikiwa mwanafunzi. Nimecheza, nimeandika hadithi za mashabiki kuhusu wahusika wa kazi tunazozipenda, na kwa muda mrefu sasa ni mmoja wa wasimamizi wa seva ya Discord, yaani kundi la mazungumzo la mtandaoni, yenye watu wa kila aina. Wasichana wakija inboksi kuniuliza waanzeje, jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: mtihani huo usiufanye. Usiufanye hata kama majibu yote unayo.

Sababu yangu ni kwamba hauna alama ya kufaulu. Nimewaona wanawake wakijibu kila swali, na mimi mwenyewe nimejibu mengi, na mwisho wake ni uleule. Ukikosa moja, wewe ni feki. Ukipata yote, umetafuta Google. Ikijulikana kwamba hukutafuta, basi ulijifunza ili wanaume wakupende. Anayeuliza namna hiyo hana haja na ujuzi wako. Anataka mkubaliane kwamba yeye ndiye anayeamua nani aingie, na ukianza tu kujibu umeshakubali.

Ninachofanya ni kuyarudisha mazungumzo kwenye kazi yenyewe. Akiniuliza mwaka, namwambia, "Mimi bado naiwaza ile sura ambayo dada mtu anakataa kupigana. Wewe uliielewaje?" Shabiki wa kweli hawezi kuuacha mwaliko kama huo. Atasahau alichokuwa anauliza na tutaongea mpaka usiku. Yule mwingine atakasirika kwamba sijamjibu. Kwa ujumbe mmoja nimeshajua niko na nani, na wala sijagombana naye.

Sisemi kila swali ni uchokozi. Watu wetu hawa wanapenda mambo madogomadogo kupita kiasi, na wengine hawajui njia nyingine ya kuanzisha urafiki. Mwenye udadisi wa kweli hujieleza na yeye, hutaja alichokipenda, na hukubali akirekebishwa. Mtahini hajielezi kamwe.

Kilichonipa utulivu zaidi ni kujua ushabiki huu ulijengwa na nani. Tunazungumziwa kana kwamba tumefika juzi. Star Trek, mfululizo wa televisheni wa hadithi za kisayansi, ilipokuwa bado inaonyeshwa kwa mara ya kwanza, jarida lake la kwanza la mashabiki, Spockanalia, lilitolewa mwaka 1967 na wanawake wawili, Devra Langsam na Sherna Comerford. Ilipoonekana kwamba mfululizo huo ungekatishwa baada ya msimu wa pili, Bjo Trimble na mumewe John waliwapanga mashabiki waandike barua kwa wingi, na mwaka 1968 ikatangazwa kwamba msimu wa tatu utakuwepo. Soko la manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za mashabiki la Comiket lilipofanyika kwa mara ya kwanza Tokyo, Desemba 1975, lilikuwa na watu wapatao 700, na wengi wao walikuwa wasichana wa shule. Na moja ya gemu za kwanza kabisa za masimulizi kuwa na picha, mwaka 1980, ilibuniwa na Roberta Williams.

Haya usiyabebe kwenda kubishana. Ubishi wa nani alitangulia ni mtihani uleule, umebadilishiwa karatasi tu. Nimeyataja kwa sababu yamebadilisha namna ninavyoingia kwenye kundi jipya. Siombi radhi kwa kuwepo, sisemi "samahani kama swali ni la kijinga", sitangulizi miaka yangu ya ushabiki kama kitambulisho. Naingia, nasoma kilichobandikwa, naanza kuongea.

Suala la kujificha linaulizwa sana, kwa hiyo nilizungumzie kwa kirefu. Je, utumie jina lisiloonyesha jinsia? Uzime maikrofoni? Katika miaka ya 1970 James Tiptree Jr. alikuwa miongoni mwa waandishi waliosifiwa sana wa hadithi za kisayansi, na mwandishi mwenzake Robert Silverberg aliandika kwamba katika kalamu ile kuna uanaume usiokanika. Mwaka 1977 ikafahamika kwamba Tiptree ni Alice Sheldon, mwanamke aliyeshapita miaka 60. Jina lile lilimpa nafasi ya kuandika alichotaka, na sioni aibu yoyote ndani yake. Anayekuambia kwamba kuficha jinsia ni woga hajawahi kusikia kimya kinachofuata mwanamke anapofungua mdomo kwenye mechi ya wageni, wala kinachokuja baada ya kimya hicho.

Lakini kuna gharama. Kwenye gemu ya timu, asiyeongea hawezi kuwaonya wenzake, na akishindwa analaumiwa kwa kutoongea. Na kazi nzuri utakayoifanya kwa jina lisilo lako, msichana mwingine hataiona kama kazi ya mtu aliye kama yeye. Mimi nimegawa. Kwa wageni wa mechi moja natumia jina lisilosema lolote. Mahali ninapoandika na kusimamia, natumia jina la kalamu ambalo watu wanalijua, na wanajua ni la mwanamke. Kwenye mechi za sauti najitahidi niingie na rafiki mmoja au wawili. Mtu wa kutukana hupungukiwa nguvu akisikia sauti nyingine ikimwambia acha. Na ninamnyamazisha kwa tusi la kwanza. Sisubiri la tatu ili nionekane mvumilivu.

Usalama ushughulikie kabla hujagombana na mtu yeyote, maana siku ya ugomvi hutakuwa na akili ya kutafuta mipangilio. Mwaka 2014, katika vurugu zilizoitwa Gamergate, wanawake waliounda gemu na waliozihakiki walitishiwa kuuawa, anwani zao zikasambazwa, na baadhi yao wakalazimika kuhama nyumba zao. Kuna waliokuwa wametoa maoni tu kuhusu gemu. Kwa hiyo fungua barua pepe ya pekee kwa ajili ya ushabiki. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na namba ya siri ya muda, na ukiweza tumia programu ya kutoa namba za siri badala ya ujumbe wa simu. Picha uliyoiweka kwenye akaunti ya familia usiiweke kwenye ya gemu, kwa kuwa picha hutafutwa mtandaoni kwa urahisi kama jina. Zima taarifa za mahali kwenye kamera. Ukienda kwenye tamasha la mashabiki, bandika picha ukishaondoka. Kisha keti ujitafute mwenyewe: andika jina lako la mtandaoni, la zamani na jipya, uone yanaelekeza wapi. Wasichana wengi ninaowasaidia hushtuka hapo, kwa sababu jina walilochagua wakiwa wadogo bado linaunganisha akaunti zao zote hadi shule waliyosoma.

Matusi yakija, piga skrinishoti kwanza, yenye tarehe na jina la akaunti, halafu ndipo umzuie. Ukianza kwa kumzuia unaweza kupoteza ushahidi. Watumie wasimamizi ujumbe mmoja wenye kila kitu, bila maelezo marefu. Kama ni mengi, mpe rafiki unayemwamini simu yako ayasome na kuyahifadhi yeye. Huna wajibu wa kusoma kila neno uliloandikiwa na mtu anayekuchukia. Ule ushauri wa "wapuuze tu wataacha" siukubali hata kidogo. Kutowajibu ni sawa, lakini kunyamaza bila kuripoti kunakuachia mzigo wote wewe, na aliyekutukana anabaki palepale akimsubiri mwingine.

Sasa niseme kutoka upande wa msimamizi, kwa maana huku ndiko mambo yanakoharibikia. Karibu kila kundi lina kanuni nzuri za heshima, zimebandikwa juu kabisa. Kanuni hazikwambii kitu. Kabla sijaandika neno kwenye kundi jipya naenda kwenye sehemu ya kutafuta ujumbe wa zamani, naandika "wasichana", kisha "mwanamke", halafu nasoma. Naangalia lilisemwa nini, na zaidi sana nani alijibu. Kama mzaha mchafu ulipita na wasimamizi wakaweka vicheko, natoka bila kuaga. Kama mtu alisema, "Hapa hatuongei hivyo," na mazungumzo yakaendelea kuhusu gemu, nabaki.

Mtu anayewasumbua wanawake mara nyingi ni mtu mwenye faida kwa kundi. Anachora vizuri, anaandaa mashindano, anafahamu mbinu zote za gemu. Wasimamizi huogopa kumpoteza kwa sababu kuondoka kwake kutaonekana na kila mtu. Wanawake wanaoondoka kwa ajili yake hawaonekani. Hakuna anayeandika barua ya kuaga. Anapunguza kuongea, anatoka usiku, jina linapotea kwenye orodha. Siku hizi kesi kama hiyo ikija, nawauliza wasimamizi wenzangu ni wanawake gani waliokuwa wakiongea mwaka jana ambao hatuwasikii tena. Tunawataja kwa majina. Baada ya hapo uamuzi hauchukui muda mrefu, na makundi niliyoyaona yakimtoa mtu wa namna hiyo hayajafa. Watu waliokuwa kimya huanza kuongea.

Makundi ya wanawake peke yao nayapenda, na kila msichana awe nalo walau moja, la kupumulia. Lakini nako kuna wivu na kambi. Nimeona wanawake wakifukuzana kwa sababu ya wahusika gani wapendane kwenye hadithi, na nimewasikia wakisema "mimi si kama wasichana wengine" ili wakubalike na wanaume wa kundi la jirani. Sentensi hiyo iache. Humlipia anayeisema mlango wa siku moja, na wasichana wengine wanaifahamu bei yake kuliko yeye.

Kuhusu kosplei, yaani kuvaa kama mhusika unayempenda, kwa kifupi: vazi si ridhaa. Tamasha la New York Comic Con lilianza mwaka 2014 kuweka mabango makubwa yenye ujumbe huo, na matamasha mengi yana kanuni kama hizo. Nenda na mwenzako, chagua mwenyewe utakavyosimama kwenye picha, omba uione kabla mpigaji hajaondoka, na mtu akikugusa nenda moja kwa moja kwa wahudumu wa tamasha ukiwa na huyo mwenzako.

Nimalizie na kazi zako, kwa sababu hili ndilo ninaloliona likisahaulika. Ukiandika, ukichora, ukiandika programu za kubadili gemu, yote hayo unayaweka kwenye tovuti za watu wengine. Mwaka 2007 LiveJournal, tovuti ya blogu, ilifunga mamia ya akaunti kwa mkupuo, zikiwemo za mashabiki waliokuwa wakiandika na kujadili hadithi. Mwaka huohuo mashabiki, wengi wao wanawake, waliunda shirika lisilo la faida liitwalo Organization for Transformative Works. Wakajenga hifadhi yao wenyewe, Archive of Our Own, na baadhi yao walijifunzia kuandika programu humohumo ndani ya kazi hiyo. Ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2009, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya Hugo, tuzo maarufu ya hadithi za kisayansi na za kufikirika.

Nawe chagua mahali unapoweka kazi yako kwa kuangalia nani anapamiliki na anakula nini. Popote utakapochagua, weka nakala mbili nje ya hapo, moja ikiwa kwenye kifaa chako. Na hadithi za wanawake wenzako unazozipenda zipakue pia, kama wameruhusu. Mwandishi mmoja wa kundi letu alifuta kila kitu baada ya kuandamwa kwa matusi, akajutia, akarudi kuulizia kama kuna mtu aliyekuwa amehifadhi. Nilikuwa nazo sura zote isipokuwa ya mwisho, na hiyo ya mwisho ilikuwa kwa msomaji ambaye hakuwahi kuandika hata komenti moja.