Kugatua, kukasimu na shirikisho

Swali: Mwalimu, shikamoo. Wengine huandika kwamba huduma za afya Kenya "zimegatuliwa", wengine "zimekasimiwa", na nimekuta kaunti zikiitwa "majimbo ya shirikisho". Nifuate lipi? Na ni ugatuzi au ugatuaji?

Jibu: Marahaba. Mimi huanza kwa kuuliza: aliyetoa mamlaka anaweza kuyarudisha atakapo? Mkurugenzi anayesafiri humkasimu naibu wake mamlaka ya kutia sahihi hundi. Akirejea anayachukua, na hundi ikiwa na kasoro atakayejibu ni yeye. Kugatua ni kuhamisha mamlaka yenyewe pamoja na wajibu wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti zahanati na hospitali zake, likaiachia serikali ya kitaifa sera na hospitali kuu za rufaa. Waziri hawezi kuamka asubuhi akazitwaa zahanati. Basi zimegatuliwa.

Ingia shule ya msingi ya umma uone. Mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti. Mwenzake wa darasa la kwanza, hatua chache tu kutoka hapo, ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Uwanja mmoja, serikali mbili.

Mwaka 2020 kaunti ya Nairobi iliikabidhi serikali ya kitaifa huduma kadhaa, zikiwemo afya na uchukuzi. Hapo je? Kifungu cha 187 kinasema wajibu wa kikatiba hubaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo na Jedwali. Kwa hiyo Nairobi ilikasimu, japo aliyekasimiwa alikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Shirikisho" liache kabisa kwa Kenya. Majimbo ya Marekani yana katiba na mahakama zao, na mengi hutoza kodi ya mapato. Kaunti zetu 47 hazina katiba wala mahakama zake, na kodi zilizoruhusiwa waziwazi ni za ardhi na majengo na za burudani, mbali na ada kama za maegesho na soko. Kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha ni za serikali ya kitaifa. Kazi zimeshuka mashinani, kodi nono zimebaki juu; ndiyo maana lazima pawe na mgao.

Neno hilo nalo naomba lilindwe. Mgao ni haki: Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Ruzuku ni nyongeza, na yaweza kuja na masharti. Hunikera sana kusoma kwamba magavana "wanaomba ruzuku" wakati fedha zilizochelewa ni mgao wa kaunti zao. Andika "wanadai mgao".

Kuhusu ugatuzi na ugatuaji, yote yametokana na gatua. Kenya wamezoea la kwanza, Tanzania la pili. Andika lile ambalo wasomaji wako wamelizoea.