Akitoka kituoni, usimfungie ndani

Dada, umeuliza kama umnyang'anye simu na kumfungia ndani kijana wako wa miaka 16 atakapotoka kwenye kituo cha matibabu ya uraibu wa dawa za kulevya wiki ijayo. Mimi nilikaa na mpwa wangu alipotoka kituoni, yeye alikuwa kwenye vidonge vya maumivu. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kumfungia hakusaidii. Kule kituoni kila saa ina ratiba yake. Nyumbani anakuta jioni nzima haina kitu, na hamu ya kutumia haibishi hodi. Mpwa wangu ikimjia alikuwa anafungua friji, anaifunga, anaifungua tena, wala hali chochote. Tukishaona hivyo hatumhoji. Mume wangu anamwambia tu, "Vaa viatu twende," wanatembea mpaka impungue. Mara nyingi hamu hupanda kisha ikapoa, kinachotakiwa ni mtu wa kuwa naye wakati huo. Kwa hiyo zipangie kazi zile saa za baada ya shule kabla hajafika. Simu akae nayo, ila abadilishe namba na kufuta watu kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa hili nakuomba ulisome mara mbili. Kama alikuwa anatumia heroini au dawa yoyote ya jamii ya afyuni (hata vile vidonge vikali vya maumivu), mwili wake umeshaisahau. Kiasi alichozoea zamani leo kinaweza kumkata pumzi. Muulize daktari kuhusu nalokisoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na afyuni, na wote hapo nyumbani mjue kuitumia. Halafu mwambie waziwazi: ukiteleza niite, hata iwe saa nane usiku, sitakugombeza usiku huo. Mtoto anayeogopa kugombezwa hujifungia chooni peke yake, na huko akizidiwa hakuna wa kumwamsha.

Ndugu watakuambia ameshapona, dawa za nini tena. Usiwasikilize. Alizoandikiwa aziache pale tu daktari atakaposema. Na anayemwita teja, hata kwa utani, mnyamazishe hapo hapo mtoto akisikia.

Shuleni, kwetu aliyejua habari hii ni mwalimu mmoja tu, aliyechaguliwa na mpwa wangu mwenyewe, ikatosha.

Usimchukue kituoni bila tarehe ya miadi ya kwanza ya mshauri, na iwe wiki hiyo hiyo. Dawa za maumivu zilizobaki kabatini, hata za bibi, zifungie kwa ufunguo leo.