Wasomaji Wanauliza: Koti la Pindo la Mshazari

Toleo lililopita lilibeba picha za nguo za kiume za wabunifu wasiofuata kawaida: makoti yenye kola ya upande mmoja, suti zenye mishono iliyogeuzwa nje, na kijana aliyefunikwa uso kwa vipande vya mbao. Wasomaji wamegawanyika vibaya. Barua mbili zilizofika karibu wakati mmoja zinapingana kiasi kwamba nimeona nizijibu kwa pamoja, kisha nigusie nyingine mbili.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 43. Baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, nilinunua koti jeusi la sufu ambalo pindo lake limekatwa mshazari. Upande wa kushoto linaishia nyongani na upande wa kulia linakaribia goti. Kingo zake nyingine zimeachwa wazi bila kupindwa. Nililivaa kwenye harusi ya binamu yangu. Kaka yangu mkubwa alinivuta kando akaniambia kwamba nimeiaibisha familia, na kwamba nilionekana kama mtu aliyeichukua nguo kabla fundi hajaimaliza. Mke wangu analipenda, ingawa naye ameniomba nisilivae tunapokwenda kwa wakwe. Je, nimekosea? Na je, nilichonunua ni nguo au ni mzaha wa mtu mwingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeshona nguo za kiume kwa miaka 26. Nilifundishwa kwamba koti zuri ni lile ambalo mtazamaji halioni, anamwona aliyelivaa: bega limekaa, mkono hauvuti, mgongo haukunjiki. Nilipoiona ile picha ya kijana mwenye mbao usoni nilijiuliza ni nani atakayeivaa nguo hiyo kwenda kazini. Mimi naamini wabunifu hawa wanatudhihaki, na wanaowasifu wanafanya hivyo kwa kuogopa kuonekana washamba. Kwa nini gazeti letu linawapa nafasi?

JIBU: Nianze na fundi, kwa kuwa swali lake ndilo zito zaidi, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikaa kwenye cherehani kabla ya kushika kalamu.

Picha ya mbao ni ya maonyesho ya mbunifu Mwingereza Craig Green yaliyofanyika London, Januari 2013. Si wewe peke yako uliyekasirika. Kijana yule alichekwa magazetini na kwenye televisheni, na picha ile ilizungushwa kama ushahidi kwamba mitindo imepotea njia. Hata hivyo, hakuna mteja aliyeuziwa mbao. Maonyesho ya jukwaani hudumu dakika chache tu, na kazi yake ni kutangaza fikra ya msimu kwa sauti kubwa ili isikike hadi nyuma ya ukumbi. Baadaye wanunuzi wa maduka huingia katika chumba kingine, ambako nguo zimetundikwa, wakazishika, wakazigeuza na kuagiza. Mbunifu huyo huyo amejulikana zaidi kwa koti la kazi lililoshonwa mistari mistari kama godoro jembamba na kutiwa kamba za kufungia. Ni koti ambalo mwanamume yeyote angeweza kulivaa asubuhi ya baridi bila kuulizwa neno. Waingereza waliomcheka walimpa tuzo ya mbunifu bora wa mavazi ya kiume mwaka 2016, kisha 2017, kisha 2018.

Siandiki haya ili kukunyamazisha kwa tuzo. Tuzo hazishoni nguo. Nataka tu tukubaliane kwamba picha ya jukwaani ni tangazo, na kwamba kulihukumu koti kwa tangazo lake ni kama kumhukumu fundi kwa kibao kilichopo mlangoni mwake.

Kuhusu koti lisiloonekana, nakubali kwamba hiyo ni kanuni nzuri, nami nililelewa nayo. Lakini kanuni hiyo ina umri, na umri wenyewe si mkubwa sana. Katika Ulaya ya karne ya 17 wanaume wenye vyeo walivaa viatu vya visigino virefu, mtindo uliotokana na wapanda farasi wa Uajemi, na Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipenda visigino vyake viwe vyekundu. Walijitia kamba za hariri, mawigi na nakshi za dhahabu, wala hakuna aliyeutilia shaka uanaume wao. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa iliyofuata ndipo mambo yalipogeuka, na mtu anayetajwa zaidi katika mageuzi hayo ni Mwingereza Beau Brummell, aliyefariki mwaka 1840, ambaye alishikilia koti la rangi iliyotulia, kitani safi na kipimo kamili. Mwanasaikolojia J. C. Flügel aliyaita mageuzi hayo, mwaka 1930, kuwa ni kujinyima kukubwa kwa wanaume: waliacha kudai kuwa warembo, wakaridhika na kuonekana wa maana. Suti unayoshona leo ni mjukuu wa kujinyima huko. Ni suti yenye heshima, lakini si sheria ya maumbile, na mbunifu anayeihoji hajavunja jambo lililokuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Sasa nikubaliane nawe kwa nguvu pale ulipo na haki. Nguo nyingi za ajabu ni mbaya. Zipo suti za kawaida kabisa zilizobandikwa manyoya, minyororo na maandishi makubwa ili zipigwe picha. Ukiyang'oa mapambo hayo unabaki na kitambaa duni na mkono ulioingizwa vibaya. Ajabu ya aina hiyo imekaa juu juu, na haivumilii msimu wa pili. Ajabu ninayoitetea mimi imo ndani ya mkato, kiasi kwamba huwezi kuiondoa bila kuiharibu nguo yenyewe. Tofauti hii ndiyo ninayoomba tuitumie, kwa sababu inamweka mbunifu mbele ya swali ambalo fundi analielewa: je, umeyajua unayoyavunja?

Niliwahi kuletewa koti la namna hii, karibu sawa na la mwalimu, mteja akitaka mikono ipunguzwe kidogo. Nililipokea nikiwa na dharau. Nililigeuza ndani nje mezani, chini ya taa, nikitarajia kukuta fujo. Kila fundi anajua kwamba kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, na kwamba pindo la namna hiyo likiachwa lijitegemee litalegea na kushuka lenyewe baada ya kuvaliwa mara kadhaa. Ndani ya pindo lile nilikuta utepe mwembamba wa pamba, mwembamba kuliko ukucha, ulioshonwa kwa mkono kando ya ukingo wote ili kuuzuia usivutike. Kingo nilizodhani zimeachwa kwa uvivu zilikuwa na mshono mdogo mdogo, wa uzi wa rangi ile ile, umbali wa milimita chache kutoka mwisho wa kitambaa, ili nyuzi zichomoke kiasi kilichotakiwa na zisipite hapo. Halikuwa na bitana, na kila mshono wa ndani ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa hariri, kwa kuwa bila bitana hakuna pa kuficha aibu. Bega lilikuwa limekaa kama lilivyofundishwa kukaa. Nilipunguza mikono kwa siku mbili, kazi ambayo kwa kawaida humalizika mchana mmoja, na dharau yangu iliishia pale mezani. Ndugu fundi, ukipata nafasi ya kulifungua moja, lifungue. Nina hakika mikono yako itaisoma kazi ile haraka kuliko macho yangu yalivyoisoma.

Mwalimu, hapo umeshapata nusu ya jibu lako. Ulichonunua ni nguo. Nusu ya pili inahusu kaka yako, ambaye sitaki tumfanye mjinga.

Aliposema koti halijamalizika alirudia, bila kujua, maneno yaliyosemwa Paris mwaka 1981, wakati Wajapani wawili, Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto, walipoonyesha kazi zao huko kwa mara ya kwanza. Nguo zilikuwa nyeusi, pana, zenye matundu na kingo zilizochanika, na wapo waandishi walioziita matambara. Kawakubo, ambaye hakusomea ushonaji bali sanaa na fasihi, alikuwa ameanza kutengeneza nguo za kiume kabla ya hapo, na fikra zile zile zikaingia katika makoti ya wanaume miaka iliyofuata. Leo ukingo usiopindwa unauzwa kila mahali, na wanaouvaa hawajui kwamba uliwahi kuleta ugomvi. Suti za mbunifu Mmarekani Thom Browne zilipita njia hiyo hiyo. Alianza New York mwaka 2001 na suti tano tu, mikono yake mifupi na suruali zikiishia juu ya kifundo cha mguu, na wengi waliona ni suti za mtoto aliyerefuka ghafla. Mwaka 2018 mchezaji wa mpira wa kikapu LeBron James na wenzake wa timu ya Cleveland Cavaliers waliingia viwanjani wakiwa wamevaa suti hizo kama sare, naye mwenyewe katika fainali alifika na koti na kaptura. Mabishano yalizuka upya kwa sababu ya kaptura. Kuhusu suruali fupi, macho yalikuwa yameshazoea.

Kwa hiyo kuhusu koti, kaka yako amekosea. Kuhusu harusi, ana hoja, nami nakuomba umpe haki yake. Harusi ina wenyewe. Siku ile macho yote ni ya maharusi, na mgeni anayeyageuza macho hayo kuelekea kwake amechukua kisicho chake, hata kama koti lake limeshonwa vizuri kuliko la bwana harusi. Hilo lingekuwa kosa vilevile kama ungevaa suti nyeupe ya kawaida iliyojaa nakshi. Nenda ukamwambie hivyo, kwa heshima anayostahili kama mkubwa wako: kwamba mahali pa kulivaa palikuwa si pake, na kwamba koti lenyewe hutaliacha. Kisha mpe alivae mwenyewe, nyumbani, bila mtu wa kumtazama. Mwambie ainue mkono, akae, ajifunge vifungo. Watu wengi wanaozichukia nguo hizi hawajawahi kuzihisi mwilini, na pindo la mshazari likikatwa vizuri hutembea pamoja na mguu kwa namna ambayo picha haiwezi kuonyesha.

Kuhusu wakwe, msikilize mkeo. Yeye anawajua.

SWALI: Nina umri wa miaka 22 na nimeipenda sketi ya kiume ya mbunifu mmoja, ndefu, ya kitambaa kizito cha kijivu. Marafiki zangu wanasema nikiivaa wataacha kutembea nami. Nifanye nini?

JIBU: Mbunifu Mfaransa Jean Paul Gaultier alipeleka sketi jukwaani katika nguo zake za kiume za msimu wa kiangazi wa mwaka 1985, na mwaka 1998 David Beckham alipopigwa picha nchini Ufaransa akiwa amevaa kitambaa cha kujifunga kiunoni cha mbunifu huyo huyo, magazeti yalizungumza kwa majuma. Unaingia, basi, katika mabishano yaliyokutangulia kuzaliwa, na si wewe utakayeyamaliza. Swali langu kwako ni dogo: je, utaivaa siku ambayo hakuna atakayekupiga picha? Ikiwa jibu ni ndiyo, inunue. Uzito wa kitambaa unakusaidia, kwa kuwa sketi nyepesi hupeperuka na kumfanya mvaaji aishike shike, na anayeishika shika nguo yake huonekana hana raha. Vaa juu kitu cha kawaida kabisa, fulana au sweta lisilo na maandishi, na viatu vizito. Marafiki watakaobaki watakuwa wengi kuliko unavyodhani. 

SWALI: Mume wangu amenunua suruali ya marinda membamba kuanzia kiunoni hadi chini. Jirani yetu anadai imekunjika na kwamba ingenyooshwa kwa pasi ya moto ingependeza. Mume wangu amekataa katakata. Nani mwenye haki?

JIBU: Mume wako, na tafadhali ificheni pasi. Marinda hayo ndiyo nguo yenyewe. Kwa njia iliyokuzwa na mbunifu Mjapani Issey Miyake, ambaye nguo zake za kiume za marinda zilianza kuuzwa mwaka 2013, suruali hukatwa na kushonwa kwanza ikiwa na ukubwa wa mara mbili na nusu hadi tatu ya ule wa mwisho, kisha hulazwa kati ya karatasi na kuingizwa katika mashine yenye joto kali inayoikunja. Kitambaa chake ni polista, ambacho hulikumbuka umbo kilichopewa kikiwa na joto, na ndiyo maana hata baada ya kufuliwa marinda hurudi yenyewe. Joto la pasi litakifundisha umbo jingine, na hapo mtakuwa na suruali kubwa mara tatu ya mume wako. Ifueni kwa maji ya baridi, muining'inize ikauke, na kabla ya kuiweka kabatini muiviringishe kwa kufuata urefu wa marinda.