Julai ilinganishe na Julai

Ndugu yangu, umeuliza kama ongezeko la waliopunguzwa kazi viwandani Marekani mwezi Julai ni dalili ya mdororo. Tulia kwanza. Julai viwanda vingi vya magari, hasa Michigan na Ohio, husimamisha mitambo kujiandaa kwa modeli mpya, na wengi huitwa tena baada ya wiki chache. Kwa hiyo linganisha na Julai ya mwaka uliopita, si Juni.

Ule mfululizo wa takwimu za kila mwezi za serikali ya Marekani kuhusu upunguzaji mkubwa wa wafanyakazi, uliohesabu waajiri ambao watu wao 50 au zaidi waliomba mafao ya kukosa kazi ndani ya wiki 5, ulisitishwa 2013. Inasikitisha, ulionyesha sekta na majimbo vizuri mno. Sasa fuatilia notisi za siku 60 ambazo waajiri wakubwa hutakiwa kutoa kabla ya kupunguza watu wengi, chini ya sheria ya Marekani ya 1988 (WARN).