Rimu imepiga shimo: ya kunyoosha au ya kutupa?

Kijana anayeendesha pikipiki yangu alinipigia saa mbili usiku, mvua inanyesha. "Mzee, nimepiga shimo huku Mbagala, ila hakuna shida, rimu imebonyea kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" ilinigharimu.

Ilikuwa rimu ya mbele, ya sport, zile za kumiminwa zisizo na spoku. Ukingo wa kushoto ulikuwa umebonyea kama umeng'atwa. Asubuhi fundi akawasha gesi, akaipasha moto, akaikingia gogo, akashusha nyundo nne tano. Duara likarudi. Nikalipa nikiwa na furaha, maana bei ya rimu mpya ni hesabu anayoniletea kijana ya siku nyingi. Baada ya siku kama kumi tairi likaanza kuamka halina upepo. Mtu wa pancha alilipaka maji ya sabuni lote, likawa zima. Mapovu yalikuwa yanatoka kwenye rimu, palepale paliponyooshwa. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa ukucha, na siku zote hizo kijana alikuwa anapakia abiria juu yake.

Tangu hapo, rimu ya sport ikishapata ufa, kwangu haina mjadala. Siichomelei, hata kwa mashine ya gesi ya agoni. Aluminiamu ya rimu hizi nyingi hupata ugumu wake kiwandani, kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Moto wa kijiweni unaufuta ugumu huo. Halafu chuma kikipata moto kinawiva chekundu, fundi anajua kimefika wapi. Aluminiamu haikuonyeshi rangi hiyo. Aluminiamu tupu inayeyuka ikifika nyuzi 660, hii ya rimu hata kabla ya hapo, na sura yake karibu ni ileile. Kwa hiyo fundi anabahatisha, hata awe hodari namna gani. Ikibonyea ukingoni bila ufa, na ni ya nyuma, naweza kuivumilia kama tairi linashika upepo na rimu haiyumbi kupita kiasi. Ya mbele naitoa. Tairi la nyuma likifa unateleza, mara nyingi unapata nafasi ya kupambana nalo. La mbele likifa unajikuta chini.

Rimu za spoku zina huruma zaidi. Zinapinda, zinanyooshwa, zinaendelea na kazi miaka. Lakini pima mwenyewe kabla ya kumsikiliza mtu.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi lisiguse chini. Kwanza lishike juu na chini, ulitikise kwa nguvu. Likicheza kwa mlio wa "kto kto", anza na beringi, maana nimeshaona watu wakinunua rimu kwa kosa la beringi. Kama beringi ni nzima, chukua kipande cha waya mgumu, kifunge kwenye shokapu kwa mpira wa tyubu kuukuu, ncha yake ielekee ukingo wa rimu. Zungusha tairi taratibu, usogeze ncha mpaka iguse kidogo pale rimu inapotokeza zaidi. Sasa zungusha mpaka pale ilipojitenga zaidi na waya. Hiyo nafasi ndiyo kipimo chako. Vitabu vya matengenezo vya pikipiki nyingi huweka mwisho wake milimita 2, kwenda pembeni na kwenda juu chini vilevile. Huna kipimo? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Kadi mbili zikiingia pamoja, bado uko salama. Zikiingia tatu, umepita. Na angalia chuma chenyewe, usiangalie mpira: tairi lililokaa vibaya kwenye rimu linayumba hata kama rimu imenyooka kama rula.

Baada ya hapo gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia "ting". Iliyolegea inatoa sauti butu, kama umegonga kijiti. Ukisikia upande mmoja unalia wote kwa sauti kali na mwingine umekufa, ujue kuna fundi aliyenyoosha kwa kuvuta upande mmoja tu, na hiyo rimu itarudi kupinda. Spoku moja iliyokatika unafika nayo nyumbani polepole, bila abiria. Mbili zilizopakana zikikatika, paki hapohapo, kwa sababu mzigo wao unahamia kwa jirani zao, nazo zitafuata.

Vua na tairi, hata kama unaona uvivu. Rimu ya chuma inaliwa na kutu kwa ndani, mahali ambapo maji ya mvua yanakaa chini ya utepe unaofunika nati za spoku. Chokonoa kwa ncha ya bisibisi. Yakibanduka magamba na kubaki kibati chembamba, hata kama nje inang'aa, imekwisha. Halafu kagua kila tundu la spoku, kwani nyufa nyingi huanzia hapo.

Ufa usiouona kwa macho ninautafuta kwa mafuta ya taa. Safisha mahali unapopashuku, paka mafuta ya taa, subiri kama dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa. Kisha sagia chaki nyeupe juu yake. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda taratibu kwenye chaki, utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Mara ya kwanza nilipouona nilikaa kimya. Rimu ile nilikuwa nimeinunua mtumba Kariakoo wiki hiyohiyo, imepakwa rangi mpya ya fedha inawaka. Siku hizi rimu ya mtumba yenye rangi mpya naikwaruza mbele ya muuzaji. Akikasirika, naenda duka la pili.

Usisahau kwamba shimo lililopinda rimu halikuishia kwenye rimu. Ekseli ivingirishe juu ya kioo, ikidunda, imepinda. Shokapu zitazame kwa mbele, zote mbili ziwe sambamba. Nilishawahi kubadilisha rimu, pikipiki ikaendelea kuvuta kushoto, na kosa lilikuwa shokapu moja tangu mwanzo.

Na ukishafungiwa spoku mpya, mwambie fundi asage ncha zilizotokeza juu ya nati zake, la sivyo zitakutoboa tyubu. Spoku mpya hujilegeza zikianza kubeba uzito, hivyo baada ya siku tatu nne chukua spana yako uzigonge tena zote, moja moja.