MGB yenye kabureta mbili za SU kusita ukikanyaga mafuta ghafla

Kaka, kama MGB yako (lile gari dogo la michezo la zamani la Uingereza) inatulia ikinguruma yenyewe, ila ukikanyaga mafuta ghafla inasita ndipo ichomoke, usianze kufungua jeti (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta). Angalia kwanza oili ya dampa, kile kifuniko cha kufungua kwa mkono juu ya kila kabureta. Kazi yake ni kuichelewesha pistoni ya ndani ya kabureta isipande haraka. Oili ikiisha, pistoni inaruka, hewa inazidi petroli, injini inakata pumzi. Weka SAE 20 (20W-50 ya injini nayo inafaa), kisha rudisha dampa: uanze kuhisi ukinzani kifuniko kikiwa kimebaki kama milimita 6 kufunga. Oili ya breki usiweke kabisa.

Bado inasita? Injini ikiwa inanguruma, puliza kisafisha kabureta kidogo kidogo kwenye gasketi za manifoldi (bomba la kuingiza hewa na petroli kwenye injini) na ncha za shafti za throto (kilango cha hewa cha kabureta), mbali na ekzosi, maana kinawaka. Mngurumo ukibadilika, hapo panavuta hewa. Shafti zilizolika ni ugonjwa wa kawaida wa magari haya.

Kusawazisha kabureta mbili kunakuja baadaye, na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ikiwa sawa.